Samurai wa Randburg, Naiti wa Soweto

Jumapili, 4 Mei

Chai ya saa nne ilikuwa mezani. Mlango ukagongwa kwa fimbo, kama kila Jumapili. "Mpanda farasi amefika. Mlinzi wa bwana yupo?" Ndiyo hodi ya Jabu. Mzee mzima, ametoka Soweto kwa teksi mbili, na bado ana pumzi za mchezo.

"Yupo," Baba Nomsa, mume wangu Vusi, akajibu toka kwenye kiti chake. "Vua viatu."

Wakaanza. Samurai na naiti. Miaka arobaini sasa. Ilianza kambini Morogoro, wao vijana waliokimbia ubaguzi huku Afrika Kusini, mimi msichana wa Iringa niliyeajiriwa kuwafundisha wenzao cherehani. Kulikuwa na kitabu cha picha kisicho na jalada, kimekuja na sanduku la msaada. Ukurasa wa kushoto naiti wa Ulaya juu ya farasi, chuma toka utosini hadi kidole cha mguu. Wa kulia samurai wa Japani, panga mbili kiunoni. Jabu akachukua wa kushoto, Vusi wangu akachukua wa kulia. Hawajabadilishana mpaka leo.

Leo ilikuwa mavazi. Vusi: deraya ya samurai ni vipande vimefungwa kwa kamba za hariri, mtu anainama, anachuchumaa, anajikuna. Naiti akianguka ni kobe. Jabu: huo ni uongo wa watu wasiosoma. Naiti aliyefunzwa alirukia farasi na chuma chake chote. Vusi: samurai naye alikuwa mpanda farasi, tena silaha yake ya kwanza ilikuwa upinde, upanga ulikuja kusifiwa baadaye. Jabu: sasa mbona kila siku unanipigia kelele za upanga?

Nikauliza swali langu la kila wiki. Nani aliwalimia? Mchele ulikuwa wa mkulima, ngano ilikuwa ya mkulima, na siku vita vikikosekana upanga ulimgeukia huyohuyo mkulima.   Jabu alisema tu, "Mla mbwa, ongeza maziwa."

Ananiita hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi Mhehe, sisi tunaosingiziwa kula mbwa, yeye Mzulu. Nilimwambia basi wewe ni Mngoni, babu zako walitoka huku Kusini mbio mpaka kwetu, wakapigwa. Akasema waliopigwa ni Wahehe. Kila upande una hadithi yake. Ikawa tumekuwa watani, na Mzulu huyu aliushika utani kuliko Wangoni wenyewe wa Songea. Aliniahidi kuleta mbwa msibani kwangu. Mimi nilimwahidi nitamkalia kaburi.

Jioni, siku hiyohiyo

Nimekasirika. Nikiandika labda nitapoa.

Baada ya chai ya pili Jabu aligusa viapo. Alisema kiapo cha naiti kina ncha mbili. Naiti anaapa kutumika, bwana naye anaapa kulinda na kutoa ardhi. Bwana akivunja, naiti anaruhusiwa kumrudishia kiapo chake usoni na kwenda zake. Samurai wako kaapa kwa mtu asiyemwapia kitu.

Vusi akamsahihisha. Wakati wa vita vyao vikubwa samurai walihama mabwana kama watu wanavyohama nyumba za kupanga. Hayo ya kufa kwa ajili ya bwana mmoja yalitiwa chumvi baadaye, amani ilipokuja, samurai walipokuwa makarani wanaokaa maofisini na kugawiwa mchele.

Jabu akacheka mpaka akakohoa. "Basi umesema mwenyewe. Waliandikiwa utii siku walipokuwa hawana tena kazi. Na wewe tawini unafanya nini?"

 Tawi ni la wapiganaji wa zamani. Jabu alirudisha kadi yake miaka mitatu nyuma. Alisema wanaitwa tu wakihitajika kupamba jukwaa la mkubwa fulani, wasimame juani na bereti, waimbe, warudi nyumbani kwa miguu. Vusi hakurudisha. Bado anakwenda. Bado anasimama juani.

"Bwana wako alihama zamani, Vusi. Unalinda nyumba tupu."

Mume wangu akainuka akafungua mlango.  Jabu akaweka kikombe, nusu imebaki, akachukua viatu vyake mkononi, akaenda kuvalia koridoni. Mzee wa watu anafunga kamba amesimama kwa mguu mmoja, kashika ukuta wa majirani.

Nina hasira nao wote wawili. Zaidi na wangu.

Jumapili, 11 Mei

Saa nne. Hakuna fimbo mlangoni.

Nilitoa vikombe vitatu. Vusi akavitazama, akarudisha kimoja kabatini mwenyewe. Nikamwambia piga simu. Akasema aliyetukana ndiye apige. Nikamwambia aliyefungua mlango ni nani? Akawasha redio.

Hawa watu wa upanga. Wanaweza kukueleza namna samurai alivyoinama kumsalimu mwenye cheo, namna naiti alivyoinua kofia ya chuma mwenzake amwone uso. Simu hawawezi kuinua.

Nilitaka kupiga mimi. Sikupiga. Nilisema nisiwaingilie. Labda leo ndiyo siku niliyotakiwa kuwaingilia kuliko siku zote.

Jumanne, 13 Mei

Jabu amekufa.

Dada yake Thoko amepiga asubuhi nikiwa dukani nakata pazia. Moyo. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi.

Nilifunga duka nikaja nyumbani kumwambia Vusi. Alikaa. Akasema, "Soksi gani?"  Mpaka sasa amekaa palepale.

Jumatano, 14 Mei

Dukani. Mapazia ya wateja wanane waliokwisha kulipa hayawezi kungoja msiba. Nimeshona mstari ukaenda kombo, nikaufumua, ukaenda kombo tena.

Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayeshona meza ya pili, aliniuliza nitapika nini msibani. Nikamwambia mimi siendi kupika. Mimi mtani. Nikamweleza: kwetu Mngoni akifa, Mhehe haendi kulia, anakwenda kufanya fujo. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama yeye, anamsema maovu yake, anazuia jeneza. Haondoki mpaka wafiwa wamuulize anataka nini na wampe. Watu wanacheka machozi yakiwatoka. Babu zetu waliuana sana. Walipochoka hawakupata njia nyingine ya kukaa pamoja ila hiyo.

Akaacha kukanyaga cherehani. "Eh, mama. Sisi kule kwetu maiti hatumuchekake. Tunaliaka tu. Na hawa watu ya hapa watakufukuza."

Labda. Lakini nilimwahidi.

Na kuna ahadi ya pili, kubwa kuliko yangu. Vusi na Jabu waliwekeana tangu Morogoro: atakayetangulia kufa, aliyebaki asimame kaburini atetee upande wa mwenzake. Samurai amsifu naiti, au naiti amsifu samurai. Kwa moyo, si kwa dhihaka. Nimesikia wakikumbushana mara ngapi sijui. Jabu alikuwa akisema, "Ujifunze farasi mapema, Vusi, mimi nina presha."

Jioni nilimkuta Vusi anaandika kwenye karatasi. Anafuta, anaandika. Sikumsemesha. Nilifurahi, kwa kadiri mtu anavyoweza kufurahi wiki hii.

Alhamisi, 15 Mei

Nina hasira tena. Ngoja niandike taratibu.

Tumekwenda Soweto kwenye maombi. Hema limeshasimamishwa uani, viti vya plastiki, masufuria makubwa ya miguu mitatu. Vyote vimeletwa na tawi. Tawi lilelile Jabu alilolirudishia kadi. Wamekuja na bendera ya kufunika jeneza na ratiba iliyochapwa, yenye picha ya Jabu akiwa kijana na bunduki. Hiyo picha aliichukia. Alisema bunduki ilikuwa ya mpiga picha.

Mwenyekiti wa tawi ni kijana. Kijana kwa hesabu zetu. Wakati sisi tunashuka na masanduku uwanja wa ndege yeye alikuwa darasa la tatu. Leo ana sare iliyopigwa pasi, mishipi, nishani ambazo sijui alizipata vita gani. Anawaita wazee "komredi" kama mtu anavyomwita mbwa wake.

Ratiba ina wasemaji saba. Vusi hayumo. Yumo kwenye gwaride la heshima, watu sita wa kusimama pembeni ya kaburi kimya.

Alimfuata Mwenyekiti. Nilikuwa nyuma yao na sinia la vikombe. Aliomba dakika mbili. Mume wangu, aliyelala porini na marehemu, aliyegawana naye blanketi, anaomba dakika mbili kwa mtoto.

Mwenyekiti akamshika bega. "Eish, mzee. Ratiba imefungwa. Wewe kusimama kwako tu kunasema."

Na Vusi akajibu, "Sawa, komredi."

Sawa. Sinia lilikaribia kunitoka.

Dada Thoko simlaumu. Ana msiba na hana hema. Nilimuuliza kama anajua kaka yake alijitoa tawini. Akasema anajua. Akasema, "Lakini nani mwingine amekuja, Mama Nomsa?" 

Ijumaa, 16 Mei

Suruali ya sare haimwingii. Amenipa nimwongezee kiunoni. Mimi. Fundi wa utumwa wake mwenyewe.

Nimemwongezea. Nimekata kitambaa cha pazia la kahawia kinachokaribia rangi, nimekitia nyuma ambako koti litafunika. Nimeshona vizuri pia, kwa sababu sijui kushona vibaya kwa makusudi. Lakini kila mchomo wa sindano nilikuwa namwambia kitu.

Nilimwambia na kwa mdomo. Nilimwambia umeahidi. Akasema amri ni amri. Nikamwambia amri ya nani? Hakuna vita. Hakuna kambi. Kuna mtu mmoja mwenye karatasi iliyochapwa. Nikamwambia Jabu alikuwa na haki, unalinda nyumba tupu, na sasa unakwenda kuilinda juu ya kichwa chake.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alisema polepole kwamba akitoka kwenye mstari atakuwa ametupa kila kitu alichokitumikia tangu ana miaka kumi na tisa. Kwamba akiuacha mstari huo hajui tena yeye ni nani. Kisha akaingia bafuni kunyoa.

Nilikaa na suruali mapajani. Nilimwonea huruma na hasira haikupungua. Sikujua vinaweza kukaa pamoja hivyo.

Nilizitafuta zile karatasi alizoandika. Zimo mfukoni mwa koti lake la kawaida. Sikuzisoma. Hakuzihamishia kwenye sare.

Nomsa amepiga. Binti yangu anasikia Kiswahili chote lakini ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyomlea katika nchi hii. Ameniambia nisifanye vurugu kesho. Nikamwambia mama yako hajawahi kufanya vurugu. Alicheka muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 17 Mei

Tumerudi. Nimevua viatu, vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi nilimwomba Dada Thoko kofia ya Jabu, ile ya sufu ya kijivu, na fimbo. Akanipa akidhani nataka kumbukumbu. Sikumweleza. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Nilijisahau kwamba utani wetu na Jabu ulikuwa wetu watatu tu. Hapa Soweto hakuna anayejua kwamba Mhehe ana haki kwenye kaburi la Mngoni.

Makaburini baridi, jua kali. Wale sita walisimama mstari, bereti zimelala upande mmoja. Vusi wa tatu. Suruali ilimkaa vizuri.

Wasemaji wakasema. Mmoja alikosea jina. Nikavumilia. Mwingine alizungumzia uchaguzi. Nikavumilia. Kisha akaja Mwenyekiti. Alisema Jabulani alikuwa askari mtiifu. Akaambiwa nenda, akaenda. Akaambiwa kaa, akakaa. Hakuwahi kuuliza swali, hakuwahi kulalamika, alikufa akiwa mikononi mwa harakati yake.

Jabu! Jabu aliyelalamikia ugali, hali ya hewa, magurudumu ya teksi, taa za robot za Randburg kwamba zinachelewa kuwaka kijani kwa makusudi. Jabu aliyeuliza mpaka wakubwa wa kambi wakawa wanamkwepa kwenye foleni ya chakula. Wamemchukua naiti wamemzika samurai. Tena si samurai wa kweli, ni yule wa kuchora, wa makarani.

Nikamtazama Vusi. Macho mbele. Taya limekaza. Hakusogea.

Walipoteremsha jeneza na wanaume wakashika makoleo, nilivaa kofia ya Jabu, nikashika fimbo, nikatembea kama yeye, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Nikapanda juu ya rundo la udongo nikakaa. Udongo wa kuzikia. Nikaketi juu yake kama mtu anayengoja chai.

Nikasema kwa sauti, Kiswahili na Kizulu changu kibovu, kwamba Mngoni huyu hazikwi. Kwamba nimemjua miaka arobaini na ni mbishi, mlafi wa maziwa, mlalamikaji wa teksi, anakoroma, na babu zake walipigwa na babu zangu. Kwamba huyu aliyesifiwa hapa simjui, wametuletea maiti ya mtu mwingine. Kwamba mwenye Jabu wa kweli amlete, la sivyo sitoki.

Hakuna aliyecheka. Kwetu hapo wangeshaanguka kwa kicheko. Hapa nilisikia mama mmoja anasema mchawi. Dada Thoko aliweka mkono mdomoni. Uso wake nitaukumbuka. Nikajua papo hapo nimemuumiza mtu ambaye sikumkusudia. Lakini mtani akishakaa hainuki bure. Akiinuka bure amemtukana maiti kweli.

Mwenyekiti akageuka kwa wale sita. "Mtoeni huyu mama."

Watano hawakujua wafanye nini. Vusi akatoka kwenye mstari. Akaja kwangu na hatua zake za gwaride. Nilijua anakuja kuninyanyua. Nikasema moyoni, akiniwekea mkono leo, nyumba ile narudi kuchukua cherehani yangu tu.

Akasimama mbele yangu.  Kisha akasema, kwa Kiswahili, kama alivyoona wafiwa wakifanya tulipozika Iringa zamani, "Mtani. Unataka nini ili tumzike mtu wetu?"

 Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nikamwambia, "Nataka kofia yako. Na nataka maneno ya farasi."

Akaivua bereti. Alikaa nayo mkononi kidogo. Akaiweka mapajani kwangu. Mwenyekiti akaita "komredi," mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kama anaomba. Vusi hakugeuka. Alikuwa kichwa wazi, nywele nyeupe zimelala kwa alama ya bereti, akalitazama shimo.

Hakuwa na karatasi. Alisema kwa Kizulu, na alisema kidogo tu. Kwamba kulikuwa na wapiganaji wa aina mbili na yeye na marehemu wamebishana juu yao tangu ujana. Kwamba leo ni zamu yake kuwatetea wale wa farasi. Naiti akiapa, bwana naye huapa. Bwana akivunja, naiti huja mchana, mbele ya watu, humrudishia kiapo chake, naye si msaliti. Huyu alikwenda tawini mchana akarudisha kadi mbele ya watu. Aliuliza maswali mpaka mwisho. Msimseme vingine.

 Nikadhani amemaliza.

"Samurai akishindwa hujitumbua tumbo," akasema. "Naiti akikamatwa, nyumbani wanahangaika wamkomboe. Ulikuwa unaniambia, Jabu, 'Vusi, mimi nataka kuwa wa wale wanaofuatwa.' Jumapili hukuja. Sikukufuata. Nilikuwa na simu mkononi."

 Akachukua koleo.

Nikainuka. Nikajipangusa udongo. Haki yangu ilikuwa imelipwa.

Jumapili, 18 Mei

Mwili wote unauma.

Jana getini kwa Dada Thoko, wakati wa kunawa mikono kabla ya kuingia uani, watu waliniachia beseni peke yangu. Nikanawa peke yangu. Sikula. Vusi alikula kidogo, amesimama karibu yangu, kichwa wazi.

Mwenyekiti alimfuata mpaka kwenye gari. Nilingoja atukane ili nimjibu vizuri. Alisema tu kwamba kutakuwa na kikao cha nidhamu. Nidhamu! Kwa mzee aliyetimiza ahadi. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Wanaita nidhamu kila kitu kinachowanyamazisha wengine wasiwaguse wao. Nina hakika na huko Ulaya palikuwa na kikao, na Japani pia, na aliyeketi kwenye kiti kikubwa hakuwa ametoka vitani.

Saa nne leo hapakuwa na chai. Vusi alilala mpaka mchana.

Bereti iko juu ya kabati. Hajaiulizia.

Jumatano, 21 Mei

Nilikwenda Soweto peke yangu kumwomba radhi Dada Thoko. Nilibeba kofia na fimbo nirudishe. Nilimweleza utani toka mwanzo: vita vya babu zetu, ahadi yangu, desturi yote. Nikamwambia nilipaswa kumweleza kabla. Alisikiliza bila kuinua macho toka kwenye mchicha aliokuwa anachambua.

Akasema bado ana hasira. Akasema nilimtia aibu mbele ya kanisa. Nikasema ndiyo.

Kisha akasema alichukia ile picha ya bunduki. Akasema kaka yake alikoroma kweli. Midomo ikamcheza kidogo, akaikaza.

Kofia akaichukua. Fimbo akanirudishia mkononi. "Hiyo ilikuwa inakuja kwenu," alisema.

Mwenyekiti bado nimemkasirikia. Hilo halijapungua hata punje, na sina mpango lipungue.

Jumapili, 25 Mei

Baridi imeingia kweli. Nimeteremsha mapazia mazito.

Barua ya kikao imekuja juzi. Vusi aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Meza imetulia.

Asubuhi alisema anakwenda duka la spaza kununua maziwa. Maziwa yalikuwepo. Sikumwambia. Nikaweka maji jikoni, nikaenda kutoa vikombe. Nikasita kabatini, nikatoa viwili.

Saa nne mlango ukagongwa. Kwa fimbo ya Jabu. Nilisimama katikati ya chumba na kitambaa cha meza mkononi. Funguo anazo, ziko mfukoni mwake siku zote.

"Mpanda farasi amefika," Vusi akasema nje. Sauti yake ilikuwa chini. "Mlinzi wa bwana yupo?"

Mimi sijawahi kuwapenda samurai. Panga zao, matumbo yao, mabwana zao. Sijui hata nianzie wapi kuwatetea.

"Yupo," nikasema. "Vua viatu."